Bei ya haki ya baiskeli ya kukunja: kisa cha 70, 40 na 47

Mpwa wangu alinijia na picha nne kwenye simu, za baiskeli iliyotumika ambayo mzee mmoja alikuwa anaiuza: baiskeli ya kukunja, magurudumu ya inchi 20, fremu ya alumini, giya saba nyuma, breki za kubana rimu. Yeye hupanda treni kwenda kazini, na kutoka kituoni hadi ofisini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kwa hiyo haja yake ilikuwa ya kweli. "Mjomba," akaniuliza, "huyu mzee si ananipiga?"

Nitatumia kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Bei ya kununua mpya leo, ya aina hiyo au iliyo karibu nayo kabisa, naiita 100. Muuzaji alitaka 70. Mpwa wangu alikuwa tayari kutoa 40 na si zaidi. Pengo kubwa hivyo haliondolewi kwa maneno matamu ya kuombana. Ukiona watu wawili wametengana kiasi hicho, ujue kila mmoja anapima kitu chake, na kabla ya kubishana bei inafaa ujue ni kitu gani.

70 ya muuzaji tuliielewa kwa simu moja. Alieleza bila kuficha kwamba aliinunua mpya miaka sita iliyopita, kisha akaongeza mkoba wa kuibebea, taa mbili na keria ya nyuma. Kichwani mwake alikuwa ametoa 125, na kuuza kwa 70 aliona ameshakata karibu nusu. Sikumwona mlaghai hata kidogo. Ila mnunuzi hanunui risiti za mwenzake. Ananunua kilichobaki, na analinganisha na kile ambacho pesa yake ingempa leo.

40 ya mpwa wangu nayo ilikuwa na asili yake. Alipekua matangazo ya baiskeli zilizotumika, akachukua bei za chini, akapiga wastani. Nilimwonyesha kasoro mbili. Kwanza, bei ya kwenye tangazo ni bei inayoombwa, si iliyolipwa. Iliyo nzuri kwa bei nzuri huondoka mapema, na inayokaa wiki baada ya wiki ndiyo utakayoikuta ukitafuta. Pili, kapuni mwake zilikuwamo baiskeli za majina yasiyojulikana ambazo zikiwa mpya kabisa hazifiki hata nusu ya bei ya hii. Alikuwa amechanganya mchele na pumba, kisha akatafuta wastani wake.

Na wote wawili, muuzaji na mnunuzi, walikuwa wamefika kwenye namba zao bila baiskeli yenyewe kuulizwa chochote.

Kabla ya kwenda kuiona tulipanga kikomo cha juu. Baiskeli iliyotumika, hata isipokuwa na kasoro moja, haiwezi kuwa 100. Haina dhamana, huna pa kuirudisha, na maisha yake ya nyuma unayajua kwa kusimuliwa. Kwa baiskeli ya kukunja ya kiwango cha kati isiyohitaji hata senti ya matengenezo, mimi siendi zaidi ya 65. Ukivuka 70, ni heri uongeze ununue mpya, kwa sababu dhamana ya fremu ndiyo inayokulinda kwenye bawaba, pale inapokunjikia, na kwa baiskeli ya kukunja bawaba ndiyo baiskeli.

Zipo zinazovunja kikomo hicho. Brompton, inayotengenezwa London kwa muundo alioubuni Andrew Ritchie miaka ya 1970, hushika bei kuliko nyingi, na si kwa jina tu. Fremu yake ya kawaida ni ya chuma, muundo wa msingi haujabadilika sana kwa miongo, na kwa hiyo hata ya zamani hupata vipuri. Upande wa pili ziko zile zinazobadilishiwa jina kila zinapoingizwa sokoni. Pini ya bawaba ikichakaa, huna wa kumuuliza. Ya namna hiyo siipi 65 hata ikiwa na miezi minne. Hii ya mzee ilikuwa katikati. Kampuni bado ipo, toleo lile limeachwa kutengenezwa, lakini pini na makomeo ya bawaba bado yanauzwa. Nililihakikisha hilo kwa simu kabla hatujaondoka nyumbani. Lingekuwa na jibu jingine, kikomo changu kingeshuka hadi 50 kabla sijaiona.

Mzee alitupokea vizuri. Baiskeli ilikuwa imefutwa hadi inang'aa, na kashata za tairi zilionekana kama za jana. "Haijatumika sana, mwanangu," akaniambia. Sikumbishia. Nilimwomba jambo moja: "Tafadhali mzee, ikunje wewe mwenyewe tuone."

Ombi hilo nalithamini kuliko maswali kumi. Aliteremsha kiti, akarudisha pedali nyuma kwa ncha ya kiatu hadi ikakaa mahali pake bila hata kuitazama, akafungua komeo la fremu, akakunja, akaulaza usukani. Ilimchukua sekunde ishirini hivi. Mtu aliyekunja baiskeli mara kumi tu katika maisha yake husimama, huwaza, hugonga kidole. Nikamwambia kwa heshima, "Mzee, mikono yako inaijua." Akacheka, na habari kamili ikatoka. Miaka miwili ya kwanza aliipanda kila siku ya kazi, asubuhi treni, jioni treni. Kisha kazi ikahamia karibu na kwake, nayo ikawekwa stoo miaka minne. Aliposema haijatumika, alikuwa akiihesabu hiyo minne, na kwa upande huo alisema kweli.

Maelezo hayo yalibadilisha ukaguzi wote. Msafiri wa treni huikunja baiskeli mara nne kwa siku: anapoingia treni asubuhi, anapofika ofisini, anapoingia treni jioni, anapofika nyumbani. Siku tano kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, miaka miwili: hapo umekaribia mara 2,000. Kwa hiyo mbele yetu palikuwa na umri wa aina mbili katika chombo kimoja. Bawaba zilikuwa na umri wa kukunjwa mara 2,000. Mpira ulikuwa na umri wa miaka ya kukaa, ambayo kwa mpira ni mibaya karibu sawa na ya kutembea.

Tulianza na nguzo ya usukani. Kwenye baiskeli nyingi za kukunja nguzo hiyo ni ndefu mno, na kila unapovuta usukani ukipanda mlima, nguvu yote inafanya kazi kama mtaimbo kwenye bawaba ndogo iliyo chini. Kipimo chake ni rahisi: shika breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma, kidole gumba kikiwa juu ya kiungo, nusu upande huu na nusu upande ule. Kidole kilihisi mchezo, yaani kiungo kilicheza kidogo. Ilisikika hata sauti, "tak," ndogo lakini ya wazi.

Mpwa wangu alinivuta pembeni. "Mjomba, hapo tumshushe 15." Nikamkatalia, na hapa ndipo tulipotofautiana hasa siku ile. Matairi, mnyororo, breki, vyote hivyo unaweza kuviandikia bei na kuitoa. Bawaba haimo katika orodha hiyo. Ama inakazwa ikatulia, na hapo huna cha kukata. Ama inahitaji pini au komeo jipya, na hapo unakata bei ya kipuri na ya fundi tu. Ama ina ufa, na hapo huna bei ya kutaja kabisa. Ufa hauna punguzo. Baiskeli yenye ufa kwenye bawaba, hata ukiuziwa kwa 10, umeuziwa ghali, maana itakatika ukiwa juu yake. Tena alumini haisamehe kama chuma. Chuma kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani kinaweza kuuvumilia mara zisizo na idadi, ilhali alumini kila tikisiko inaliweka akibani, hata lile dogo, na ufa huanzia pale ambapo mkazo umekusanyika: ukingoni mwa weldi, karibu na bawaba.

Kwa idhini ya mzee nilitoa spana. Komeo la nguzo lilikuwa linafunga bila upinzani wowote, na hilo si sawa. Linatakiwa lianze kubana likiwa nusu ya safari yake na liishie kwa nguvu ya kiganja. Nilikaza nati robo mzunguko, nikajaribu, nikaongeza robo nyingine. Mchezo ukaisha. Mpwa wangu akaipanda kuzunguka mtaa, tukaikunja na kuikunjua mara kumi mfululizo, tukarudia kipimo cha kidole. Kimya. Nilimweleza mzee nilichofanya na kwa nini. Ningeweza kunyamaza nikaiacha ile "tak" imtie hofu, na naamini tungeondoka nayo kwa 35. Lakini bei unayoipata kwa kumtisha mtu mzima kuhusu jambo ambalo unajua linatengenezwa kwa nusu mzunguko wa nati, usiiite ya haki.

Kisha bawaba kuu ya fremu. Nilifuta vumbi kwa kitambaa, nikalaza mwanga wa tochi ubavuni ili kila mkwaruzo utupe kivuli. Na kweli, upande wa chini, karibu na weldi, palikuwa na mstari. Huo ndio ulionishughulisha kuliko vingine vyote, dakika kumi nzima nikiwa nimepiga goti. Nilipitisha kucha, ikashika kidogo. Nikaufuata: haukuambaa na ukingo wa weldi kama ufa unavyopenda, ulikatiza na kuishia kabla ya kuifikia. Halafu tukaikunja baiskeli polepole na kuona waya wa breki ya nyuma unalala palepale, upana uleule. Waya ulikuwa umeisugua rangi kwa mikunjo ile 2,000. Nilipumua. Kama nisingepata maelezo ya mstari ule, tungemshukuru mzee na kuondoka, na isingekuwa na maana tena kama ni 70 au 20.

Mengine yalikwenda haraka. Mnyororo nilipima kwa rula. Pingili moja, kutoka pini hadi pini, ni nusu inchi. Pingili 24 ukiuvuta mnyororo zitoe milimita 304.8 ukiwa mpya. Huu ulitoa karibu 307, yaani umerefuka kama asilimia 0.7, wakati wake wa kubadilishwa. Friwili, yaani rundo la gia za nyuma, gia mbili ndogo zilikuwa zimechongoka kama meno ya papa. Meno machache hubeba kazi nyingi, ndiyo maana ndogo hutangulia kuisha. Nguzo ya kiti, ambayo kwa baiskeli hizi ni nene na ndefu, ilikuwa inazama taratibu, kwa sababu kifuko cha plastiki kinachoizunguka ndani ya bomba kimelika. Kitu kidogo.

Tairi ndizo zilizomdanganya mpwa wangu kwenye picha. Kashata zilikuwa nzima kwa sababu mzee alizibadilisha muda mfupi kabla ya kuiweka stoo. Nilipobonyeza ubavu kwa kidole, nyufa ndogo ndogo zikafunguka mzunguko wote. Nafuu ilikuwa kwamba ubavuni paliandikwa 40-406. Inchi 20 ziko za aina zaidi ya moja: 406 na 451, ambazo ni kipenyo cha rimu kwa milimita, zote huitwa inchi 20 na haziingiliani. 406 ndiyo ya kawaida, hata baiskeli za michezo za BMX na baiskeli nyingi za watoto hutumia hiyo, kwa hiyo tairi lake ni rahisi kupatikana. Ingekuwa 451 ningeongeza kidogo kwenye makato.

Rimu ya nyuma ilihitaji macho zaidi. Gurudumu dogo la namna hii huzunguka kama mara 1.4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu kubwa la baiskeli ya kawaida, na joto na msuguano wote wa breki unaishia kwenye ukuta mfupi. Niliweka ukingo wa rula juu ya ukuta wa rimu. Mwanga ukapita katikati. Ukuta umechimbika. Bado kuna mwaka hivi wa matumizi, si zaidi.

Namba ya fremu, iliyo chini ya mhimili wa pedali, ililingana na risiti ya mzee. Isingelingana, mazungumzo yangeishia hapo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, basi nilifungua daftari mezani, mzee akiona kila mstari. Tulianza na 65, kikomo chetu. Mnyororo na friwili, 6. Tairi mbili na tyubu zake, 6. Raba za breki na waya, 3. Kifuko cha nguzo ya kiti, 1. Kazi ya fundi, 4. Jumla ya makato 20, ikabaki 45. Kwa rimu ya nyuma, kujengwa upya gurudumu kungegharimu 10. Kwa kuwa bado lina maisha, tukagawana, nikakata 5. Ikabaki 40. Hapo mpwa wangu alitabasamu, akidhani amethibitishiwa namba yake. Lakini mkoba wa kuibebea ulikuwa mzima, na yeye angelazimika kuununua kwa ajili ya treni, kwa hiyo nikarudisha 5. 45.

Mzee alipinga mambo mawili. Tairi: "Hazijaisha hizi!" Nilimpa abonyeze mwenyewe, akaziona nyufa, akanyamaza. La pili, keria yake nimeiandikia sifuri, na aliinunua ghali. Alikuwa na haki ya kuumia. Keria ina thamani, ila si kwa mtu anayebeba mkoba mgongoni na kuingia treni iliyojaa. Nikamshauri aifungue aiuze peke yake kwa mtu anayeihitaji, na alikubali papo hapo. Kifaa cha ziada nakihesabu kwa kile ambacho mnunuzi huyu angetoa kukipata, na kama asingetoa kitu, bora kibaki kwa mwenyewe kuliko kugombaniwa.

Biashara haigombi. Mzee akashuka hadi 55. Mpwa wangu akasema 43. Mzee akasema 50 na taa zake zote. Tukamaliza 47, taa zikiwamo. Ilizidi hesabu yangu kwa 2, na sikuona sababu ya kukaza. Hesabu yenyewe ni makadirio, haina uzito wa kupimia mbili.

Matengenezo hayakwenda kama nilivyoandika. Vile tulivyovipanga viligharimu 20 kama tulivyokadiria, lakini fundi alipofungua alikuta beringi za mhimili wa pedali zimekauka na kuanza kukwaruza: 3 zaidi. Kosa lilikuwa langu. Niliutikisa mkono wa pedali kushoto na kulia, ukakaa imara, nikaridhika. Nilipaswa kuuteremsha mnyororo kutoka kwenye gia ya mbele na kuzungusha pedali peke yake. Bila mvuto wa mnyororo mkwaruzo ule unasikika hadi kwenye vidole. Baiskeli iliyokaa stoo miaka minne, grisi yake imekaa stoo miaka minne pia. Nililitaja hilo kuhusu mpira, sikulifikisha kwenye beringi.

Jioni mpwa wangu alijumlisha na kunipigia, sauti imepanda kidogo. "Mjomba, 47 na 23 ni 70. Si ileile aliyotaka mzee?"

Swali zuri, na nililijibu kwa hesabu ileile. Ndiyo, ni 70, lakini 70 ya mzee ilikuwa ya baiskeli yenye mnyororo uliochoka, tairi zilizokauka na beringi kavu; mpwa wangu angelipa 70 kisha 23 nyingine, na 93 ni jirani wa mpya yenye dhamana. Sasa ana baiskeli ambayo kwa kikomo chetu ingestahili 65, na mkoba wa 5. Ukiongeza ile 5 ya rimu ambayo bado haijadaiwa, amezidisha 5 juu ya bei niliyoiona ya haki: 2 za kumalizana na mzee, 3 za beringi nilizoziacha. Nilimlipa zile 3.

Ameshaipanda miezi mitatu. Kila Jumapili huweka kidole gumba kwenye bawaba ya usukani, hushika breki na kusukuma, na mara moja imebidi akaze nati robo mzunguko. Rimu ya nyuma tumeitia alama kwa kalamu ya wino wa kudumu mahali palipochimbika zaidi, na rula tunaiweka palepale kila mwisho wa mwezi.